UZI: Majina ya Wakazakh – nani humpa mtoto jina, nani haruhusiwi kulitamka, na kwa nini mtu aliitwa Samadi

MsafiriNyika (mleta uzi)

Wanajamvi, salamu kwenu.

Mnaofuatilia ngumi mmeshamsikia Zhanibek Alimkhanuly. Wapenzi wa muziki mnamjua Dimash Qudaibergen. Na hata asiyefuatilia lolote alishamsikia Nursultan Nazarbayev, maana mji mkuu wa Kazakhstan ulibadilishwa kutoka Astana ukaitwa Nur-Sultan mwaka 2019, kisha ukarudishiwa Astana mwaka 2022. Nilisoma Almaty miaka kadhaa, na kati ya yote niliyoyakuta kule, majina ndiyo yaliyonishika kuliko milima na kuliko baridi.

Naleta uzi huu kwa sababu mitandaoni majina ya Kikazakh huanikwa kama kamusi: Aigul ni ua la mwezi, Ainur ni nuru ya mwezi, Temir ni chuma, Bolat ni feleji, basi, yameisha. Maana hizo ni za kweli, lakini ukiishia hapo umeacha nyama umekula mfupa. Kwa Mkazakh jina ni kitu mtoto anachotendewa. Nani alilitoa, alilitoa kwa sababu gani, na nani anaruhusiwa kulitamka, hayo yana uzito kuliko uzuri wa jina lenyewe.

Nianze na siku ya jina. Mtoto akizaliwa familia hufanya sherehe iitwayo shildekhana. Zamani vijana walikesha wakiimba na kupiga dombra, kinanda chao cha nyuzi mbili, kwa imani kwamba mama na kichanga wasiachwe peke yao gizani. Baada ya siku chache huja shughuli ya kutoa jina. Huitwa mzee anayeheshimika au mullah. Mtoto anapakatwa, mzee anainama, anasoma adhana sikioni, halafu anamwambia mtoto mwenyewe, mara tatu: "Sening atyng Nurlan. Sening atyng Nurlan. Sening atyng Nurlan." Yaani, jina lako ni Nurlan. Tazameni utaratibu huo: wa kwanza kuambiwa jina ni mwenye jina. Wageni waliojaa sebuleni wanalisikia kwa kudokoa tu, kisha ndipo wanatangaziwa.

Hapo mzee anakunjua viganja na kutoa bata. Msicheke, siyo bata wa kufuga. Kwa Kikazakh bata ni dua ya baraka, na hakuna jambo kubwa linaloanza bila hiyo. Kuna usemi husikika sana hapo: "Atyna zaty sai bolsyn", mtu awe sawa na jina lake. Wote hupitisha viganja usoni, wakaketi kula.

Sasa, wazazi wako wapi? Katika mila ya zamani, na katika nyumba nyingi mpaka leo, baba na mama ndio wenye sauti ndogo kuliko wote. Jina ni la babu na bibi wa upande wa baba, au mgeni mashuhuri waliyemwomba. Mtoto wa kwanza huenda mbali zaidi: bibi na babu humchukua wakamlea kama wao. Desturi hiyo huitwa bauyryna salu, kumweka mtoto kwenye ini. Mtoto wa namna hiyo hukua akimwita bibi yake mama, na mama mzazi kwa jina tu kama dada mkubwa.

Mfano mzuri ni Abai, mshairi mkuu wa Wakazakh (1845–1904), ambaye noti, barabara na chuo kikuu vimebeba sura au jina lake. Jina alilopewa lilikuwa Ibrahim. Bibi yake Zere ndiye aliyemlea akawa anamwita Abai, neno lenye maana ya mwangalifu, mtu wa kutazama kabla ya kukanyaga. Jina la nabii likabaki kwenye maandishi, la bibi likashinda. Na bibi mwenyewe, Zere halikuwa jina lake la kuzaliwa, aliitwa Tokbala.

Vivyo hivyo Manshuk Mametova, mpiga bombomu aliyekufa vitani mwaka 1943 akiwa na miaka 20, Mkazakh wa kwanza mwanamke kupewa nishani ya Shujaa wa Muungano wa Kisovieti. Jina lake lilikuwa Mansiya. Nyumbani aliitwa kwa neno la kubembeleza, monshak, yaani shanga, na yeye kwa ulimi wa kitoto akalitamka Manshuk. Taifa zima linamkumbuka kwa jina alilojitamkia utotoni.

Nitaendelea. Wenye maswali karibuni.

BintiPemba

Shukrani mkuu, uzi mtamu. Adhana sikioni hata sisi pwani tunafanya, nami nilidhani ni ya kwetu na Waarabu tu. Swali: kama ni Waislamu, mbona sisikii akina Khamis na Mwanaisha? Na pacha wao wanawaitaje?

MsafiriNyika

BintiPemba, utafurahi. Pacha wa kiume ni Asan na Usen, hao hao Hassan na Hussein wetu. Wa kike ni Batima na Zuhra. Akina Aisha, Omar na Khadija wapo, tena wamerudi kwa nguvu katika miaka ya karibuni. Ila Uislamu wao ulipita njia ya nchi kavu, kupitia Bukhara, Samarkand na miji ya Waajemi, ukawafikia na maneno ya Kiarabu na ya Kiajemi yakiwa yamechanganyika. Wetu ulipanda jahazi. Mizigo yote miwili ilitoka kwenye maghala yale yale, ndiyo maana mtu wa Wete anaweza kukaa darasani Almaty akasikia orodha ya mahudhurio ikisomwa na nusu akaielewa.

Gauhar ni Johari. Marzhan ni Marijani. Almas ni Almasi. Bakyt ni Bahati, nalo hupewa wanaume na wanawake kama kwetu. Sabyr ni Subira. Aman ni Amani, na mtu akiitwa Amangeldy maana yake amekuja kwa amani, amefika salama. Jina hilo alikuwa nalo Amangeldy Imanov, aliyeongoza uasi wa mwaka 1916 dhidi ya mfalme wa Urusi alipotaka kuwachukua wanaume wa Asia ya Kati wakachimbe mahandaki vitani. Tena jina lake la ukoo ndani yake kuna imani. Murat ni muradi. Akylbek ana akili ndani yake. Sholpan ni ile nyota ya alfajiri tunayoiita Zuhura, na wasichana wao huitwa hivyo kama wetu.

Siku za kuzaliwa nazo ni majina. Zhumabai ni Juma kabisa, aliyezaliwa Ijumaa. Wa Jumatatu ni Duisenbai, wa Jumanne Seisenbai, wa Jumatano Sarsenbai, wa Alhamisi Beisenbai. Wao wanahesabu siku kuanzia baada ya Jumamosi, kwa Kiajemi. Sisi tunahesabu kuanzia baada ya Ijumaa, kwa Kiswahili. Aliyezaliwa siku ya Idi ni Aitbai, wa mwezi wa mfungo ni Ramazan au Orazbai. Na aliyezaliwa wakati wa mwaka mpya wao wa mwezi Machi ni Nauryzbai, neno lile lile ambalo wazee wa Unguja walilitumia waliposema Nairuzi, na Makunduchi bado wanaoga mwaka kila Julai.

Kile kiambishi bai ni tajiri. Bek ni bwana, mtu wa mamlaka. Khan ni mtawala, hiyo mnaijua. Zhan ni roho, na ukiibandika mwisho wa jina lolote inakuwa mapenzi: Aigulzhan, Serikzhan.

Kuna kundi jingine nalipenda sana, majina ya tarakimu. Elubai ni hamsini, Alpysbai sitini, Zhetpisbai sabini, Seksenbai themanini. Huo ni umri wa babu, au wa baba aliyechelewa, siku mtoto alipozaliwa. Mzee wa miaka sabini anapata mjukuu, anamvika umri wake mwenyewe ili naye aufikie.

Na ya mazingira: Boranbai alizaliwa kwenye tufani la theluji, Zholbai njiani wakati ukoo unahama na mifugo. Botagoz ni jicho la ndama wa ngamia. Kwa watu wa nyika hakuna jicho zuri kuliko hilo, jeusi, kubwa, lenye kope ndefu. Karlygash ni mbayuwayu. Baba yake Abai aliitwa Kunanbai, na kunan ni farasi dume mchanga wa miaka mitatu hivi. Hawa walikuwa wafugaji wa kuhamahama, na ng'ombe na farasi waliwajua kwa umri, jinsia na rangi, kila mmoja kwa neno lake.

JabaliKisumu

Mkuu, kichwa cha uzi kinasema Samadi. Bado nasubiri.

MsafiriNyika

Twende kwenye Samadi.

Jina ni Tezekbai. Tezek ni kinyesi cha mifugo kilichokaushwa, ndicho kilichokuwa kuni zao, maana nyika haina miti. Kuna Kushikbai pia, mtoto wa mbwa. Kuna Itbai, mbwa mwenyewe. Kuna Zhamanbai, mbaya. Na hawa walikuwa watoto waliopendwa kupita kiasi.

Familia iliyozika watoto wawili watatu mfululizo iliamini kuna jicho au pepo linalowafuata. Mtoto anayefuata akipewa jina tukufu, litamwona. Basi mwite mavi, lipite lisigeuke. Katika karne ya 19 jina hili halikuzuia kuwa mtu mkubwa: kulikuwa na sultani aitwaye Tezek kule kusini-mashariki, mjukuu wa ukoo wa makhan, na hakuna aliyemdharau kwa jina.

Wengine walifanya zaidi ya jina. Mtoto alipitishwa chini ya miguu ya vikongwe walioheshimika, waliozaa na kuona wajukuu, ili uhai wao umguse. Au aliuzwa. Jirani anakuja kwenye yurta, lile hema lao la duara la sufu, anapokezwa mtoto kama mali yake, baadaye wazazi wanakwenda "kumnunua" kwa kitu kidogo. Tangu hapo anaitwa Satybaldy, wa kununuliwa, au Satylgan, aliyeuzwa. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa nyumba hii, hayupo. Aliyepo ni wa dukani.

Halafu kuna majina ya amri. Tursyn: abaki. Toktar: atasimama, atatulia. Turar: atadumu. Olmes: hafi. Ukisoma historia yao utawakuta kila mahali. Mkazakh wa kwanza kwenda angani, Toktar Aubakirov, aliyerushwa kutoka Baikonur, kituo cha kurushia vyombo vya anga, Oktoba 1991, amebeba jina la aina hiyo. Turar Ryskulov, kiongozi wa Kisovieti aliyemwandikia Stalin barua kuhusu njaa iliyokuwa ikiwamaliza Wakazakh mwanzoni mwa miaka ya 1930, njaa iliyoua watu zaidi ya milioni moja, naye alikuwa "atadumu". Alipigwa risasi mwaka 1938.

Ukisikia Mkazakh mzee anaitwa Tursyn, usiulize maana kwa kicheko. Kuna uwezekano mkubwa mbele yake kulikuwa na makaburi madogo.

JabaliKisumu

Nimekuelewa sana. Kwetu Wajaluo yupo Owiti, na wa kike Awiti: aliyetupwa. Waliomtangulia wakifa, mtoto anatolewa nje anawekwa chini kama aliyetupwa, mwanamke mwingine anamwokota. Nina shangazi yangu wa jina hilo. Sikuwahi kufikiri kuna watu kwenye theluji wanafanya vile vile.

MamaWawili

Naomba niulize upande wa wasichana. Nimewahi kufanya kazi na dada wa Kikazakh aitwaye Ulbolsyn. Nilimwambia jina zuri, akanyamaza. Nikahisi nimekosea mahali.

MsafiriNyika

Dada, hukukosea, ulikanyaga penye kidonda.

Ul ni mtoto wa kiume. Bolsyn ni iwe. Ulbolsyn maana yake ni "na awe wa kiume", na huyo aliyeitwa hivyo ni msichana. Hupewa binti wa tatu, wa nne, familia inapomsubiri mvulana. Wapo pia Ultuar, atazaliwa mvulana, na Ulmeken, ambalo ni swali: "je, ni mvulana?" Dua imeelekezwa kwa mtoto ajaye, na aliyefika amegeuzwa kuwa bahasha ya kuibeba.

Nimewasikia wazee wakilitetea, kwamba binti huyo anaheshimiwa kwa kuwa "amefungua njia" ya kaka yake. Sikubaliani nao. Katika uzi huu nimeyasifu majina mengi, na hata Tezekbai nitamsimamia, kwa sababu lile jina baya lilikuwa ngao ya aliyelibeba. Ulbolsyn hamkingi aliyelibeba. Linamwambia kila anapoitwa kwamba alisubiriwa mwingine. Wasichana wengi wa kizazi cha sasa wanalisema wazi hilo, na wapo wanaokwenda kubadilisha kwenye vyeti.

Na kubadilisha jina hakukuanza leo. Wakazakh wana imani kwamba jina likimwelemea mtu linavuliwa. Khan wao mashuhuri wa karne ya 18, Abylai, alizaliwa Abilmansur. Inasimuliwa kwamba akiwa yatima aliyekimbia maadui, alichunga mifugo ya mwamuzi mkubwa Tole Bi, nywele timtim na nguo chakavu, akaitwa Sabalak, mtu wa matambara. Ukaja mpambano wa mtu mmoja kwa mmoja dhidi ya shujaa wa Wazungari, watu wa jamii ya Wamongolia waliokuwa maadui wa Wakazakh. Kijana akaingia uwanjani akipiga kelele jina la babu yake, "Abylai! Abylai!", akamwangusha adui. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Sabalak tena. Majina matatu: la kuzaliwa, la kujificha, na alilolipata mwenyewe.

MamaWawili

Asante kwa kuliweka wazi. Nitamtafuta nimwulize anapenda kuitwaje.

FundiSimuMoro

Umesema mwanzoni kuna wasioruhusiwa kutamka jina. Fafanua.

MsafiriNyika

Hao ni wakwe wa kike, mabibi harusi. Desturi inaitwa at tergeu.

Mwanamke akiolewa hatamki majina ya jamaa wa mume waliomzidi: baba mkwe, mama mkwe, shemeji wakubwa, na wa mbali pia. Hata watoto wadogo wa ukoo aliowakuta anawatungia majina mengine. Shemeji mdogo anaweza kuwa "kijana wa mbele", wifi "macho meusi" au "msichana mwerevu". Mwerevu wa ndimi alijulikana hapo: akiwapa watu majina yanayowakaa, ukoo mzima unamsifu.

Tatizo ni kwamba majina yao, kama mlivyoona, yametengenezwa kwa vitu vya kila siku. Baba mkwe akiitwa Mto, hata mto wa maji hautamki. Ndipo kikatungwa kisa hiki, kinachojulikana nyika nzima, na kila msimulizi ana namna yake.

Bibi harusi aliolewa kwenye nyumba yenye wanaume waitwao Mto, Tete, Mbwamwitu, Kondoo, Kisu na Kinoo. Siku moja ameteremka kuteka maji, akaona ng'ambo mbwa mwitu amemkamata kondoo kwenye matete. Akarudi mbio, anahema, wanaume wote wamekaa, na maneno yote anayoyahitaji ni majina yao. Akasema:

"Ng'ambo ya kinachobubujika, upande huu wa kinachochakarika, kinachouma kinamla kinacholia mee! Chukueni kinachokata, mkipitishe kwenye kinachonoa, kimbieni!"

Wanaume wakaelewa, wakaenda, kondoo akawahi kuchinjwa kihalali. Na baba mkwe akampa baraka.

Siku hizi mijini desturi hii imelegea sana, lakini haijafa. Mwanafunzi mwenzangu, msichana wa shahada ya pili ya fizikia, alikuwa anasoma orodha ya wagonjwa aliotaka kuwatembelea hospitali. Alipofika kwenye jina lililofanana na la baba mkwe wake alisita, akanionyesha karatasi kwa kidole nikalisoma mimi. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza zaidi yangu. Hapo nilielewa kwamba kutamka kwenyewe ndiyo jambo. Anayesikia ni ziada.

FundiSimuMoro

Kisa cha kinoo nimekisoma kwa sauti hapa kijiweni, watu wamefurahi. Lakini mkuu, hakuna anayeona kwamba ni uonevu? Mwanamke ndiye anayebanwa ulimi, mwanaume hapana.

MsafiriNyika

Ni kweli, mzigo ni wa upande mmoja, na hilo sitalipaka rangi. Ninachokiongeza ni kwamba ndani ya kubanwa huko wanawake walitengeneza lugha yao yenye ufundi, na kisa kile kinamsifu yeye, siyo wakwe.

MapokeziPaje

Wakuu, mimi nina shida ya kikazi. Niko mapokezi hotelini. Juzi kaingia mgeni wa Kikazakh na familia: baba ana jina la ukoo lake, mama lake, mtoto wa kiume lake, wa kike lake. Pasipoti nne, majina ya ukoo manne. Bosi akaniambia nihakikishe kama ni familia kweli. Nilijisikia vibaya kuwauliza. MsafiriNyika, hii inakuwaje?

MsafiriNyika

MapokeziPaje, hiyo ni familia moja safi kabisa, na nitakueleza hatua kwa hatua maana itakurudia.

Asili ya Wakazakh hawana jina la ukoo la kudumu. Mtu ana jina lake na la baba yake: uly ni mwana wa, kyzy ni binti wa. Abai Kunanbaiuly. Kunanbai Oskenbaiuly. Oskenbai Yrgyzbaiuly. Yrgyzbai mwana wa Aidos, Aidos mwana wa Olzhai. Nimekutajia hapo vizazi vya Abai mpaka sita. Mtoto wa Kikazakh hutakiwa ajue saba kwa kichwa, zheti ata, baba saba, kwa sababu haruhusiwi kuoa au kuolewa na mtu wanayekutana naye ndani ya vizazi hivyo. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyokuwa kitambulisho chao, hawakuhitaji jina la ukoo.

Warusi walipotawala, makarani walitaka jina la ukoo. Wakachukua jina la baba au la babu wakabandika ov au ev, na kwa wanawake ova au eva. Ndugu wawili wa baba mmoja waliweza kutoka ofisini na majina tofauti, mmoja kaandikwa kwa baba, mwingine kwa babu. Wasovieti wakakaza utaratibu huo, na wakaongeza majina yao wenyewe: wapo Wakazakh waitwao Mels, ambalo ni herufi za mwanzo za Marx, Engels, Lenin na Stalin, na wapo akina Telman, kwa heshima ya mkomunisti wa Kijerumani Ernst Thälmann. Mtoto wa mwaka 1945 aliweza kuitwa Zhengis, ushindi.

Lakini walikuwepo waliokataa. Bauyrzhan Momyshuly, kamanda aliyepigana kuilinda Moscow mwaka 1941, alishika uly yake katika jeshi lililojaa ov, na ndivyo anavyoandikwa mpaka leo.

Baada ya uhuru wa 1991 mlango ukafunguliwa. Amri ya rais ya mwaka 1996 iliwaruhusu Wakazakh kuondoa vile vimalizio vya Kirusi. Sasa mtu anaweza kuchukua uly au kyzy, au jina la baba likiwa tupu, au la babu likiwa tupu, au kubaki na ov. Rais wa sasa ana vyote viwili: Kassym-Jomart Kemeluly Tokayev, mwana wa Kemel kwa Kikazakh, Tokayev kwa umbo la Kirusi.

Rudi kwa wageni wako. Tuseme baba ni Serik Akhmetov, alisajiliwa enzi za Wasovieti. Mke hakubadilisha jina lake alipoolewa, akabaki na la kwao. Mtoto wa kiume kaandikwa Serikuly, mwana wa Serik. Wa kike Serikkyzy, binti wa Serik. Manne. Wewe tazama tu: jina la kwanza la baba limo ndani ya majina ya watoto? Kama limo, wape ufunguo wa chumba.

MapokeziPaje

Nimeenda kuangalia kwenye nakala. Limo! Asante sana mkuu. Na mzee wao nimwiteje nisionekane sina adabu? "Mister" naona kavu.

MsafiriNyika

Mkubwa kwako haitwi kwa jina tupu. Chukua mwanzo wa jina uongeze eke au ke: Nursultan anakuwa Nureke, Bauyrzhan Momyshuly walimwita Bauke, Serik anakuwa Sake. Hiyo ni heshima na upendo kwa pamoja. Ila Sake kutoka kwa mgeni siku ya kwanza inaweza kuwashtua, kwa furaha lakini. Ukitaka njia ya salama, mwite agai, na mama wa makamo mwite apai. Ndivyo wanavyowaita hata walimu wao. Asubuhi waambie "Kairly tang". Wakikushukuru utasikia "rakhmet", ni ile ile rehema yetu.

Na watoto waongezee zhan mwishoni mwa jina. Mama yao akisikia hivyo, chai ya maziwa mtakunywa pamoja.